Shajara ya mradi: kupima oksijeni ya ghuba ya Bukavu kwa vihisi vya mwanga

Mwezi wa pili: kazi yenyewe na sababu ya kuchagua mwanga

Tunajenga kamba moja yenye vihisi sita, itakayotundikwa katika Ziwa Kivu nje ya rasi za mji wa Bukavu, kwenye kina cha mita 2, 10, 20, 30, 45 na 60. Kila kihisi kitapima oksijeni iliyoyeyuka na joto la maji kila baada ya dakika kumi, na kujiwekea kumbukumbu mpaka kamba ipandishwe. Tunachotafuta ni mpaka: maji yenye hewa yanaishia wapi upande wa mji, na mpaka huo unapanda na kushuka vipi. Katika ziwa kuu inajulikana kwamba wakati wa mvua oksijeni huishia karibu na mita 30, na kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, pepo za kusini-mashariki zikilikoroga ziwa, hufika mita 60 na kupita kidogo. Ghuba ya Bukavu ina mambo yake. Kina chake ni kifupi sana kikilinganishwa na ziwa kuu lenye mita 485, inapokea mto Kahwa pamoja na taka za mji, na kila kinachooza majini hula oksijeni. Sambaza, samaki aliyeletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambaye leo analisha miji yote ya ufukweni, hana maisha chini ya mpaka huo.

Kifaa kilichozoeleka ni elektrodi ya Clark: utando mwembamba wa plastiki, maji ya chumvi ndani, katodi ya platini au dhahabu na anodi ya fedha. Mtoni au kwenye bwawa la samaki inafaa kabisa. Kivu inaishinda kwa sababu mbili. Kwanza, elektrodi hiyo inakula oksijeni ileile inayoipima, kwa hiyo lazima maji yapite mbele yake bila kukoma. Ikining'inia kimya kwenye mita 45 itasoma chini ya ukweli. Pili, maji ya chini ya Kivu yana haidrojeni sulfaidi, gesi ya harufu ya yai bovu, nayo hupenya utando na kuivaa fedha kama kutu nyeusi. Baada ya hapo kipimo kinayumba, na kuisugua fedha kunasaidia kwa muda mfupi tu.

Kihisi cha mwanga hakili oksijeni. Haidrojeni sulfaidi, methani na kaboni dioksaidi, gesi ambazo Kivu imezijaza kuliko ziwa lolote la jirani, hazigusi kipimo chake. Kinachokiumiza ni viyeyusho kama asetoni na tolueni, klorini na mwanga mwingi wa jua, na kati ya hivyo vyote ni jua peke yake linalopatikana ziwani.

Mwezi wa tatu: utando

Rangi fulani zikimulikwa huendelea kung'aa kwa muda mfupi sana baada ya taa kuzimwa. Molekuli ya oksijeni ikiigusa rangi iliyochangamka, inaichukua ile nguvu na mng'ao unakatika kabla ya wakati wake. Oksijeni ikizidi, mng'ao unafupika. Otto Stern na Max Volmer waliuweka uhusiano huo kwenye hesabu mwaka 1919:

τ₀ / τ = 1 + K · p

Hapa τ₀ ni muda wa kung'aa pasipo oksijeni, τ ni muda uliopimwa, K ni tabia ya utando wenyewe, yaani ngozi nyembamba ya plastiki inayobeba rangi hiyo, na p ni mgandamizo wa oksijeni peke yake. Herufi hiyo p isomwe kwa makini. Kihisi hakipimi miligramu kwa lita. Kinapima mgandamizo wa oksijeni, na miligramu zinapatikana kwa hesabu baadaye. Nusu ya makosa tunayoyaona kwenye data za maziwa ya milimani yanazaliwa hapo.

Tunapima muda wa mng'ao, hatupimi ukali wake. Ukali unapungua rangi ikichakaa, taa ikizeeka au uchafu ukitanda. Muda haubadiliki kwa hayo, au hubadilika kidogo mno.

Rangi tuliyoichagua ni porfirini ya platini iitwayo PtTFPP. Inapokea mwanga wa zambarau karibu na nanomita 395, na wa kijani karibu na 508 na 541, kisha inatoa mwekundu karibu na 650. Muda wake pasipo oksijeni ndani ya polistaireni, plastiki ya utando wetu, ni takriban mikrosekunde 60, na katika hewa ya usawa wa bahari hushuka hadi kama theluthi ya hapo. Kuna rangi za rutheni ambazo ni rahisi zaidi kupatikana, lakini muda wake ni mikrosekunde chache tu, na hilo linadai elektroniki ya kasi kubwa.

Mchanganyiko wetu: miligramu 10 za rangi, gramu 1 ya polistaireni safi ya punje, gramu 9 za tolueni. Chupa ya kioo yenye kifuniko, ikitikiswa mara kwa mara mpaka punje zote ziyeyuke. Usiku mmoja unatosha. Polistaireni nyeupe ya kufungashia televisheni isitumike, kwa kuwa ina viongezo vinavyong'aa vyenyewe au kuizima rangi. Tunabandika vipande viwili vya utepe wa gundi, kimoja juu ya kingine, kila upande wa karatasi ya plastiki ya polyesta, tunamwaga mchanganyiko katikati na kuusawazisha kwa fimbo ya kioo. Tabaka bichi la mikrometa 100 likikauka linabaki karibu mikrometa 8. Kazi hii hufanywa nje au chini ya feni ya kutolea hewa, maana mvuke wa tolueni ni sumu na unashika moto.

Wakati wa mvua Bukavu utando unaweza kukauka ukiwa na ukungu mweupe. Tolueni ikiruka haraka inapoza uso wa utando, unyevu wa hewa unaganda juu yake na kuacha vitundu vidogo. Dawa yake ni kupunguza kasi: tunaufunika kwa bakuli la kioo lililoinuliwa milimita mbili upande mmoja. Baada ya usiku mmoja utando unaingia kwenye joto la nyuzi 60 kwa saa kadhaa ili tolueni iliyobaki itoke yote. Hatua hii isirukwe hata utando ukionekana mkavu kabisa, kwani tolueni iliyojificha hulainisha polistaireni, na K inaendelea kuhama kwa majuma kadhaa inapotoka polepole.

Juu ya utando huenda tabaka jembamba la silikoni iliyochanganywa na masizi laini. Oksijeni inapita ndani ya silikoni bila shida, mwanga haupiti. Bila ngozi hiyo nyeusi, jua la mchana kwenye mita 2 na taa za wavuvi wa sambaza usiku zinaingia kwenye fotodayodi, jicho linalopokea mng'ao, na klorofili ya mwani inang'aa karibu na nanomita 680, jirani kabisa na rangi yetu. Bei yake ni kasi: kihisi kinachukua nusu dakika hadi dakika nzima kutulia badala ya sekunde chache. Kwa kamba inayopima kila dakika kumi hilo si tatizo. Silikoni ikiwa nzito mno ipunguzwe kwa heksani; tolueni ingeyeyusha polistaireni iliyo chini yake. Na ichaguliwe silikoni isiyotoa harufu ya siki, kwa kuwa asidi hiyo inakula shaba ya bodi ya saketi.

Mwezi wa nne: saketi

Taa ya LED ya kijani (nanomita 505) inawaka na kuzima mara 4,000 kwa sekunde (kHz 4). Mng'ao wa utando unafuata mdundo huohuo lakini kwa kuchelewa, na pembe ya kuchelewa ndiyo inayobeba kipimo: tanjenti ya pembe hiyo ni 2π × masafa × τ. Kwa mikrosekunde 60 na kHz 4, pembe ni digrii 56.5. Katika maji yaliyoshiba hewa kwenye mwinuko wa Bukavu inashuka hadi karibu 29.5.

Tofauti hiyo ya digrii 27 haikugawanyika sawasawa, na hapa ndipo kifaa hiki kinapojionyesha. Karibu na sifuri, mabadiliko ya mg 0.1 kwa lita yanasogeza pembe kwa digrii 0.6. Karibu na kushiba, badiliko lilelile linaisogeza kwa digrii 0.2 tu. Yaani kihisi kina macho makali zaidi pale oksijeni inapokwisha, na ndipo hasa tunapotaka kuona.

Zambarau ya nanomita 405 ingeleta mng'ao mkali zaidi, ila inaamsha pia klorofili na plastiki. Mng'ao wa aina hiyo hukatika kwa nanosekunde, hivyo unaivuta pembe kuelekea sifuri na kuonyesha oksijeni isiyokuwepo. Tumebaki na kijani. Mbele ya LED kuna kioo cha BG39 kinachozuia wekundu wa taa yenyewe, na mbele ya fotodayodi kuna kioo cha RG630 kinachopitisha wekundu peke yake. Fotodayodi ni BPW34. Kikuza ishara kina rezista ya megaomu 1 na kapasita ya pikofaradi 1.

Muda ndio kila kitu. Digrii moja kwa kHz 4 ni mikrosekunde 0.7. Programu ikichelewa mikrosekunde moja kuwasha taa, kwa sababu inaandika kwenye kadi ya kumbukumbu au inajibu ombi jingine, pembe inakosea digrii 1.4, sawa na zaidi ya mg 0.6 kwa lita katika maji yaliyoshiba. Kwa hiyo LED na usomaji vyote vinaendeshwa na saa moja ya ndani ya chipu, si kwa amri za kusubiri ndani ya programu. Tunasoma mara 8 kwa kila mzunguko. Kusoma mara 4 ni rahisi kuandika, lakini mdundo wa mraba, wa kuwaka na kuzima ghafla, una ndani yake wimbi la tatu, lenye kasi mara tatu, yaani kHz 12, na ukisoma kwa kHz 16 wimbi hilo linajificha chini ya lile la kHz 4 na kupotosha pembe. Kwa usomaji wa 8 wimbi la tatu na la tano linajitenga lenyewe.

Kikuza ishara nacho kina uchelewaji wake, karibu digrii 1.4, na unahama joto likibadilika. Kwa ajili hiyo kila kihisi kina LED ya pili, nyekundu, inayomulika fotodayodi moja kwa moja bila kupitia utando. Pembe yake inatolewa kwenye pembe ya utando. Kuiacha ili kuokoa sehemu moja ndogo ni uchumi mbaya.

Kila kipimo kinawasha taa kwa nusu sekunde. Kwa siku vipimo ni 144, jumla sekunde 72 za mwanga. Utando unaomulikwa bila kupumzika ungepokea mwanga mara 1,200 ya huo, na rangi yake ingechakaa upesi vilevile. Betri pia zinashukuru.

Mwezi wa tano: kusawazisha, na shida ya mwinuko

Uso wa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Hapa mgandamizo wa hewa ni kama hPa (hektopaskali) 850, wakati usawa wa bahari una 1,013. Maji safi ya nyuzi 24 usawa wa bahari yanashiba oksijeni kwa mg 8.42 kwa lita. Bukavu yanashiba kwa 7.0. Hesabu yake: ondoa kwanza mgandamizo wa mvuke wa maji, kPa 2.98 kwa nyuzi 24 (kPa moja ni hPa 10), kwa kuwa hewa iliyogusana na maji imejaa mvuke. Kinachobaki ni 85.0 − 2.98 = 82.0 hapa, na 101.3 − 2.98 = 98.3 baharini. Uwiano ni 0.834, zidisha na 8.42, unapata 7.02. Oksijeni ni asilimia 20.95 ya hewa kavu, hivyo p yetu ni kPa 17.2. Kutoka hapo linapatikana lile tunalolitumia kila siku: kwa nyuzi 24, kPa moja ya oksijeni ni karibu mg 0.41 kwa lita.

Kosa la hatari linatoka kwenye simu. Tovuti za hali ya hewa zinaandika mgandamizo wa Bukavu kuwa 1,015 au karibu yake. Hiyo ni namba iliyoshushwa kwa hesabu hadi usawa wa bahari ili ramani za hewa zilinganike. Si hewa inayogusa ndoo yako. Ukiipa mashine 1,015 wakati kihisi kimo ndani ya maji yaliyoshiba, itaamini yana mg 8.4 badala ya 7.0, na kila kipimo baada ya hapo kitakuwa juu kwa asilimia 20. Hakuna kitakachopiga kelele: mchoro utaonekana mzuri, utapanda mchana na kushuka usiku kama inavyotakiwa. Barometa ndogo ya BMP280, isiyozidi ukubwa wa kucha, inasoma mgandamizo halisi wa mahali ulipo. Ikionyesha namba inayoanza na 84 au 85, uko sawa.

Mgandamizo wa ukanda wetu pia hupumua mara mbili kwa siku. Hupanda kufikia saa nne asubuhi na saa nne usiku, hushuka kufikia saa kumi, na tofauti ni hPa chache. Kwa kusawazisha hiyo haifiki nusu asilimia, lakini kusoma barometa hakugharimu kitu, basi tunaisoma kila mara.

Kwa nukta ya juu ya kusawazisha, yaani maji yaliyoshiba hewa, tunatumia ndoo ya maji na pampu ndogo ya tangi la samaki. Jiwe la mapovu liwe sentimita 5 chini ya uso, si chini kabisa ya ndoo. Povu lililo kwenye sentimita 20 linabanwa na kPa 2 za maji, na maji yanaweza kushiba kupita kiasi kwa asilimia moja hadi mbili. Dakika 20 za mapovu huku maji yakikorogwa, kisha tunasubiri joto la ndoo na la vihisi vilingane. Njia ya pili ni kukitundika kihisi ndani ya chombo chenye sifongo bichi, kifuniko kikiwa hakijabana. Njia hii ni safi kwa sharti moja: utando usiwe na tone la maji. Tone likikauka linaupoza utando huku kipima joto pembeni kikibaki kwenye joto la juu zaidi, na hesabu inapotoka.

Nukta ya sifuri ni sodiamu sulfaiti, gramu 10 kwa lita, na chembe ndogo ya kobalti kloraidi ili kuharakisha. Kikemikali lita moja ya maji yetu ingehitaji miligramu 55 tu, maana kila gramu ya oksijeni inamezwa na gramu 7.9 za sulfaiti. Ziada ipo kwa ajili ya hewa inayoendelea kuingia pembeni. Chupa ijazwe mpaka mdomoni, pasibaki povu, na kihisi kikae humo saa nzima au zaidi: plastiki na silikoni zimehifadhi oksijeni ndani yake na zinaiachia polepole. Anayesoma sifuri baada ya dakika tano anaandika sifuri ya uongo, kisha kina cha mita 60 kinampa namba hasi. Kobalti ni sumu. Maji hayo yanakusanywa kwenye bidoni, hayamwagwi kwenye mfereji unaokwenda ziwani. Mahali pasipo na sulfaiti, hamira na sukari ndani ya chupa iliyofungwa vinamaliza oksijeni vizuri, vikipewa muda.

Nukta mbili hazitoshi. Rangi ndani ya polistaireni haikai yote katika mazingira yaleyale. Sehemu yake inafikiwa na oksijeni kirahisi na sehemu haifikiwi, kwa hiyo mstari wa Stern na Volmer unapinda kidogo. Nukta ya kati tunaipata kwa maji yaliyochemshwa. Hapa yanachemka kwenye nyuzi 95, hilo halina neno, na hewa nyingi inatoka. Yanapozwa ndani ya chupa iliyojaa na kufungwa, kisha yanachanganywa kwa mrija, taratibu, na maji yaliyoshiba. Kiasi halisi cha oksijeni katika mchanganyiko huo kinasomwa kwa njia ya Winkler, kipimo cha kikemikali kinachotumia iodini. Usijaribu kutengeneza nukta ya kati kwa sulfaiti kidogo, kwa sababu sulfaiti inayobaki inakula iodini ya Winkler na kuharibu kipimo unachokitegemea kama shahidi.

Tunarudia yote kwa nyuzi 22, 24 na 26. Kivu ina neema hapa: joto la maji yake ya juu linacheza ndani ya nyuzi hizo chache, hivyo hatuhitaji jedwali refu. Hata hivyo kosa la nyuzi moja kwenye kipima joto linaleta kosa la asilimia 2 katika miligramu, kwa njia ya uyeyukaji peke yake. Themista, yaani kipima joto hicho, lazima ikae ndani ya milimita chache kutoka kwenye utando. Chumvi ya Kivu, kama gramu 1 kwa lita, inapunguza oksijeni kwa nusu asilimia tu; tunaiingiza kwenye hesabu.

Mwezi wa sita: Winkler na kushusha kamba

Lajos Winkler alitangaza njia yake mwaka 1888 na bado ndiyo hakimu. Chupa ya mililita 300 yenye kizibo cha kioo inajazwa kwa mrija unaofika chini, maji yakiachwa yafurike mara mbili au tatu ya ujazo wake. Mililita 1 ya manganisi sulfeti na mililita 1 ya iodaidi yenye sodiamu haidroksaidi na azaidi zinaingizwa chini ya uso wa maji, kizibo, kugeuzageuza. Mashapo ya kahawia yanamaanisha oksijeni ipo, meupe kabisa yanamaanisha haipo. Yakishuka nusu ya chupa, mililita 1 ya asidi sulfuriki kali, kizibo tena, mpaka yayeyuke. Mililita 201 za maji hayo hupimwa kwa sodiamu thiosulfeti ya molari 0.025: rangi ikipauka kama majani makavu, wanga unaongezwa, na bluu inafukuzwa tone kwa tone. Kila mililita ya thiosulfeti ni mg 1 kwa lita. Hatua mbili za kwanza zifanyike ndani ya mtumbwi, papo hapo, na glavu mkononi.

Winkler tunaiamini kwenye mita 2, 10 na 20. Maji ya kina yenye haidrojeni sulfaidi yanakula iodini na kutoa namba ya chini kuliko ilivyo, na tena maji hayo yanatoa mapovu yanapopandishwa. Kwa kina hicho kuna njia bora zaidi, ya ziwa lenyewe: maji yenye harufu ya yai bovu hayana oksijeni, kwa kuwa viwili hivyo havikai pamoja muda mrefu. Tunakishusha kila kihisi hadi kwenye maji hayo kabla ya kukifunga kwenye kamba, na tunachokisoma huko ndicho sifuri ya kweli, kwa joto la kweli na chini ya uzito wa kweli wa maji. Uzito huo wenyewe hupunguza usomaji wa vihisi vya mwanga kwa asilimia 3 hadi 4 kwa kila mita 1,000. Kwa mita 60 hauonekani.

Vihisi vimejengwa ndani ya bomba la PVC la milimita 32 kutoka soko la Kadutu mjini Bukavu, likajazwa epoksi yote, pasibaki nafasi ya hewa ya kubonyezwa. Epoksi ikimwagwa kwa wingi inachemka yenyewe, kwa hiyo inamwagwa kwa tabaka, na utando unabandikwa mwisho, vyote vikishapoa. Kamba ni ya nailoni. Ile ya polipropilini inaelea na kujikunja. Nanga ni mifuko ya mawe. Boya kuu liko mita moja chini ya uso ili lisikatwe na boti, na mahali pake wavuvi wa jirani wanapajua, kwa kuwa wavu wa usiku ukinasa kamba hii wote wawili wanapata hasara. Tumekaa mbali na mdomo wa Ruzizi, mto unaotoka ziwani. Mkondo unaotoka ungelaza kamba, na kihisi cha mita 60 kingejikuta kwenye 50 bila mtu kujua.

Mwezi wa saba: data za kwanza

Mita 2 inafanya inachotarajiwa: oksijeni inapanda mpaka alasiri mwani unapofanya kazi, inashuka mpaka alfajiri. Mita 60 ilianza juu ya sifuri na kushuka kwa saa kadhaa. Hiyo ni oksijeni inayotoka kwenye plastiki, na sehemu hiyo ya mwanzo tunaikata kwenye data.

Mita 30 ndiyo iliyotupa kazi, maana inaruka juu na chini ndani ya saa chache. Kanuni tunayoifuata ni kutazama joto. Oksijeni na joto vikiruka pamoja, ni maji yaliyosogea: upepo umeinamisha tabaka la juu na mpaka unapita mbele ya kihisi ukienda na kurudi. Oksijeni ikibadilika peke yake, joto likiwa limetulia, basi ni viumbe wanaopumua au ni uchafu kwenye utando. Miruko mingi ya mita 30 ni ya aina ya kwanza. Wastani wa siku nzima hapo hauna maana. Unachanganya maji mawili tofauti na kutoa namba ambayo haikuwahi kuwepo ziwani.

Utelezi wa mwani kwenye mita 2 unajulikana kwa dalili yake. Mawimbi ya mchana na usiku yanapanuka juma hadi juma, kwa sababu mwani uliojishika kwenye utando unatengeneza oksijeni yake mchana na kuila usiku. Pete ya shaba kuuzunguka utando inapunguza kasi ya kuota. Usafi ni brashi laini na maji. Magamba meupe ya chokaa, yanayotokea kwa kuwa maji ya juu ya Kivu yana pH karibu 9 na kaboneti nyingi, yanatoka kwa siki iliyozimuliwa. Spiriti na asetoni visiguse kamwe.

Mwezi wa nane: hali ya sasa

Kihisi cha mita 2 kimepandishwa na kurudishwa kwenye ndoo na sulfaiti kabla ya kusafishwa, kisha tena baada ya kusafishwa. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni kazi ya utelezi. Tofauti iliyobaki dhidi ya mwezi wa tano ni utando wenyewe kuchakaa. Zinasahihishwa kwa namna tofauti: kuchakaa tunakusambaza kwa mstari ulionyooka kwa muda wote kihisi kilipokuwa majini, utelezi tunauweka tangu siku mawimbi yalipoanza kupanuka, na majuma ambayo marekebisho yanazidi mg 0.3 kwa lita yanawekewa alama, hayafutwi. Kinarudi majini na pete pana zaidi ya shaba. Vihisi vitano vya chini havijaguswa, na vitabaki hivyo mpaka pepo za kiangazi zitulie.